Maji Meupe

Ijumaa, tarehe ishirini na moja Aprili. Mvua ya manyunyu ilianza kabla ya alfajiri, na kulipopambazuka ilikuwa bado inaendelea, si ya kumlowesha mtu wala ya kumwacha mkavu. Nguo zilizoanikwa tangu juzi zilikuwa na unyevu. Kiberiti kiligoma kuwaka. Ukutani, karibu na dirisha, rangi ilikuwa imevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino.

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na ndani yake waliishi wanawake watatu. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena ila mwanga na kivuli, alikuwa na kitanda cha karibu na mlango. Nyuma ya pazia walilala mwanawe na mjukuu wake. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama tu, alikuwa msafishaji katika jengo moja la ofisi. Mjukuu alikuwa akijifunza kutandika vigae vya sakafu katika kituo cha mafunzo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona msichana akifanya kazi hiyo, mtaa ulimbandika jina: Fundi Gauni.

Fundi Gauni alikuwa ameketi sakafuni akijifunga magotini vifuko ambavyo Mama alimshonea kwa sponji la godoro kuukuu na miguu ya suruali ya jinzi.

"Mama, umeweka sponji nene mno. Natembea kama bata."

"Bata ana magoti mazima. Funga."

"Mke mwenzangu," Bibi aliita kutoka kitandani, "magoti yakishakuwa magumu kama mawe, nani atakuoa?"

"Kwani ya kwako yalikuwa laini, Bibi?"

"Ya kwangu yalikuwa ya kusalia tu. Ndiyo maana mpaka leo nikiinuka yanaitikia amina."

Msichana alicheka, lakini alikuwa na haraka. Kwa wiki nzima yeye na wenzake watano walikuwa wakitandika vigae katika chumba cha kusubiria cha zahanati mpya, kila mmoja sehemu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kuhitimu. Kesho yake mchana angekuja mkandarasi mwenye jengo kubwa la ghorofa, atazame sakafu ile, achague watatu wa kuwaajiri. Watatu tu. Fundi Gauni alikuwa ameomba, alikuwa amefunga, na zaidi ya hayo alikuwa ameng'oa na kurudia kila kigae ambacho hakikumridhisha.

"Leo ndiyo mnatia ile grauti?" Mama aliuliza huku akikoroga chai. Alipenda kulitamka neno hilo. Binti yake alishamweleza kwamba ni uji mzito wa saruji unaojazwa katika viungo, kwenye nafasi baina ya kigae na kigae.

"Ndiyo leo."

"Sasa mnajuaje kwamba imetosha?"

"Unaisukuma ndani kwa kipande cha mpira mpaka inakataa."

"Inakataa vipi?"

"Mama, nimechelewa."

"Haya, nenda, nenda. Utanieleza jioni."

Jioni hakuelezwa kamwe. Kila jioni msichana alirudi amechoka, akala huku anasinzia, na maswali ya Mama yalibaki yamekaa naye mezani kama wageni wasiokaribishwa.

Fundi Gauni alisimama, akabeba mfuko wake, halafu akakumbuka jambo. "Mwalimu wetu anatafuta wanawake wa darasa la vigae la jioni. Watu wazima. Amepata wanne, anataka wa tano. Nimemwambia jirani yetu muuza mkaa, amecheka mpaka akakaa chini."

Mama naye alicheka. "Sisi tena? Magoti yetu si yamekwisha?" Lakini kijiko kilikuwa kimesimama ndani ya sufuria, na hakikuendelea kukoroga mpaka chai ilipoanza kufurika.

Mlangoni alimwekea binti yake mkono kichwani, kama alivyofanya kila asubuhi. "Ee Mungu, mkumbuke binti huyu leo. Mshike mkono, mwongoze jicho, mlinde njiani. Na mimi…"

Aliuondoa mkono.

"Amina," alimalizia upesi.

Sala ya Mama ilikuwa na mkia uliokatika. Bibi, ambaye alikuwa haoni lakini masikio yake yalikuwa mazima, aliusikia mkia huo kila siku ukikatika pale pale. Alivuta shuka akageukia ukutani.

 

Kazini, Mama alipiga deki korido ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu. Watu walipita juu ya sakafu iliyokuwa bado majimaji, wakisema "samahani, mama" bila kupunguza mwendo, na nyuma yao waliacha nyayo za tope ambazo alizirudia. Kijana mmoja mwenye tai alisimama katikati ya maji akiongea na simu. Mama alisubiri na tambara mkononi, kama mtu anayesubiri ng'ombe avuke barabara.

Msimamizi alikuja na kijiti cha kuchokolea meno. Ndicho kilikuwa kipimo chake. Aliinama, akapitisha ncha ya kijiti kwenye kiungo baina ya vigae viwili, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Vumbi kidogo, bosi."

"Uchafu haukai juu ya kigae, unakaa kwenye kiungo. Nimekwambia mara ngapi? Mtu asiyesugua viungo hajasafisha, ameiogesha sakafu tu."

Basi alisugua viungo. Kwa miaka mingi alikuwa amevisugua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyezijua sakafu za jengo lile kama yeye. Katika korido ya juu kulikuwa na kigae kimoja kilichokaa upande, karibu na mlango wa mhasibu. Fundi aliyekiweka alikuwa ameondoka zamani na fedha yake mfukoni. Kila siku Mama alipofika hapo alikigusa kwa kidole, na kila siku alitamani kukiinua, akione kimekaliaje, akirudishe kwenye mstari. Hakujua kigae kinainuliwaje. Alijua tu kwamba kilimuuma, kama kijiwe kilichoingia kwenye kiatu cha mtu mwingine.

Alipotoka kazini manyunyu yalikuwa yamekatika, ila hewa ilikuwa nzito na mbichi. Zahanati haikuwa njiani kwake. Hata hivyo miguu yake ilimpeleka huko, na yeye hakuikataza.

"Mama Fundi Gauni!" Mlinzi alimfungulia lango. "Wenyewe wameondoka sasa hivi, wamerudisha vifaa kituoni na Mwalimu wao."

"Nataka kuona tu, baba. Nitazame kwa mlangoni."

"Ona, ona. Ila wamesema mtu asiingie na viatu."

Mama alivua viatu vyake, akavipanga nje ya mlango kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

Chumba kilikuwa kikubwa na kimya. Sehemu ya binti yake aliijua: ile ya chini ya dirisha. Mistari ilikwenda moja kwa moja hadi ukutani bila kuyumba, na kwenye kona, mahali ambapo mafundi wengi hubandika vipande vya kubahatisha, vigae vilikuwa vimekatwa vikakumbatia nguzo. Mama alisema polepole, "Huyu ni wangu. Huyu nimemzaa mimi."

Kisha akaona kwamba sakafu ilikuwa chafu.

Juu ya vigae vyote vya binti yake kulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyomwagika yakapanguswa kwa mkono. Kwenye sehemu za wenzake utando ulikuwa mwembamba, umekaukia. Kwa binti yake ulikuwa mzito, mbichi. Ametoka wa mwisho, Mama aliwaza, amechoka, ameacha hivyo. Na mkandarasi anakuja kesho. Ataona vya wenzake vinang'aa, na vya mwanangu vimepauka.

Kwa kila kitu kingine katika chumba kile Mama alikuwa mgeni. Hili alilijua.

Aliomba ndoo kwa mlinzi. Sabuni ya unga alikuwa nayo kwenye mfuko wake wa kazini, na brashi pia. Alipiga magoti chini ya dirisha, akamwaga maji, akaanza. Alisugua kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kazini hata siku moja, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Alisugua vigae, kisha akageuza brashi upande, akasugua viungo, kimoja baada ya kimoja, kwa ncha, mpaka ndani, kama kwamba kijiti cha msimamizi kilikuwa kinamngoja. Maji yalitoka meupe. Alibadilisha ndoo, bado yakatoka meupe. Alibadilisha tena.

"Tazama uchafu huu," alijisemea. "Asante Mungu nimepita."

Alipomaliza, vigae viling'aa hata akaona kivuli cha uso wake. Alivaa viatu, akarudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo.

 

Fundi Gauni aliingia jioni kabla taa haijawashwa. Hakusinzia safari hii. Aliketi kitandani kwa Bibi akamshika mikono.

"Bibi, sakafu imesimama! Mwalimu amezunguka na fimbo yake, amegonga kigae kimoja kimoja. Hakuna kilicholia uwazi, vyote vimeshika chini. Hata kimoja!"

"Amesemaje?"

"Hasemi yule. Amekohoa tu."

"Mwalimu akikohoa ni nishani," Bibi alisema. "Mwanangu, unasikia? Mtoto amekoholewa!"

"Nasikia," Mama alijibu kutoka jikoni, yaani kutoka kwenye kona yenye jiko. Alikuwa akitabasamu. Alikuwa amepanga kusubiri, amwache mtoto ajionee mwenyewe kesho jinsi sakafu inavyong'aa.

"Mimi ndiye niliyetia grauti mwisho, kwa hiyo yangu bado laini, tena na unyevu huu wa leo. Lakini Mwalimu amesema si neno. Imebaki kupanguswa tu kesho asubuhi, kwa kitambaa kikavu, ule ukungu mweupe utoke. Maji hapana. Hata tone lisiguse mpaka ishike, la sivyo yote inatoka."

Kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni kwa muda mrefu kabla ya kutulia.

"Mama?"

"Kimeniponyoka."

"Umeungua?"

"Sijaungua, mwanangu. Kula."

Alitaka kusema. Alifungua kinywa, na Bibi akaanza kisa cha fundi aliyejenga nyumba akasahau mlango; wote wawili wakacheka, na uso wa msichana ulikuwa umeng'aa kwa namna ambayo Mama hakuwa na nguvu ya kuizima kwa mkono wake mwenyewe. Alijiambia atasema wakimaliza kula. Walipomaliza kula msichana alikuwa amelala, vifuko vya magoti bado viko miguuni. Mama alimfungua kimoja kimoja. Hakumwamsha.

 

Asubuhi ya Jumamosi Mama hakuwa na zamu. "Twende pamoja," alimwambia binti yake. Njia nzima alijaribu. Alianza mara kwa habari ya mvua, mara kwa habari ya mlinzi, mara kwa habari ya sabuni. Walipolifikia lango la zahanati alimshika mkono.

"Mwanangu. Jana nilipita hapa. Nilidhani ni uchafu."

Fundi Gauni alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, akakimbia.

Viungo vilikuwa vitupu kama ufizi usio na meno. Maji yalikuwa yamepita humo yakaingia chini ya vigae, na msichana alipogonga kwa mpini wa mwiko, vinne vya karibu na nguzo, vile vya kujivunia, vililia uwazi. Kwenye kona kulikuwa bado na povu la sabuni.

Wenzake walikusanyika. "Loo!" mmoja alisema. "Sakafu imeoga kutushinda sisi."

"Nyamaza wewe," alisema Kidoti, rafiki yake, msichana mwenye alama nyeusi shavuni.

Fundi Gauni aliinuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, viatu amevishika mkononi.

"Nani alikutuma? Nani alikwambia uifue?"

"Nilidhani…"

"Kwako wewe kila kitu ni uchafu! Hujui kitu kingine. Unajua kusugua tu!"

Maneno hayo yalipotoka hata aliyeyasema aliyasikia. Hakuna aliyecheka. Mama alitazama viatu vyake.

Mwalimu aliingia wakati huo. Alikuwa mwanamke mnene ambaye magoti yake yaliacha kukunjika baada ya kutambaa kwenye sakafu za watu maisha yake yote, na sasa alifundisha akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi. Kidoti alimwekea ndoo. Alikaa, akatazama viungo, akanusa.

"Nani?"

Mlinzi, aliyejua nani alifungua lango, alitangulia. "Mwalimu, mimi naona ni mvua. Iliingia dirishani."

"Ni mvua?" Mwalimu alimuuliza Fundi Gauni.

Msichana alitazama dirisha. Neno moja tu lingetosha. Mvua haina mama, haina aibu, haifukuzwi kazi. Alifungua kinywa, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Mvua haina sabuni," Mama alisema. "Ni mimi, Mwalimu. Niliona utando mweupe, nikasugua. Nilisugua viungo zaidi kuliko vigae. Mlinzi usimguse, alinipa ndoo tu. Na mtoto hakunituma."

Mwalimu alichora duara sakafuni kwa fimbo yake. "Saruji ni kama mtoto mchanga," alisema hatimaye. "Maji inayataka, lakini kwa kipimo. Ukiinyima inapasuka, ukiizidishia inakwenda na maji. Yale maji meupe uliyoyamwaga yalikuwa kazi ya binti yako."

"Nisamehe. Najua maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwangu mimi yanazoleka. Lete tambara." Mwalimu aliwageukia wasichana. "Mnatazama nini? Kila mtu kwenye sehemu yake na kitambaa kikavu. Wewe, Fundi Gauni, ng'oa hivyo vinne. Haitawahi kukauka kabla mkandarasi hajafika, nakwambia ukweli. Lakini hatakuta shimo."

Msichana alipiga magoti akaanza kung'oa, machozi yakidondoka, naye akiyafuta haraka kwa kiwiko, kana kwamba na hayo pia yangeharibu saruji. Mama alichota, akakausha, akabeba vifusi. Kisha alisimama pembeni, mikono haina kazi, kama mtu aliyealikwa kwa makosa.

"Wewe mama," Mwalimu aliita. "Njoo hapa. Shika hii pima maji."

Ilikuwa kama rula nene, na katikati yake kijichupa cha kioo chenye maji ya kijani na kiputo kimoja cha hewa.

"Iweke juu ya kigae. Kiputo kikikaa katikati ya ile mistari miwili, kigae kimelala sawa. Kikikimbilia upande, huo upande umeinuka. Mwambie agonge."

Mama alipiga magoti. Aliyajua magoti yake sakafuni miaka yote, lakini daima akiwa na tambara. Aliweka pima maji juu ya kigae, akazuia pumzi.

"Kimekimbilia dirishani," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi Gauni aligonga kwa nyundo ya mpira, bila kumtazama.

"Bado. Kidogo. Bado… Kimekaa!" Alipaza sauti kama mtoto. "Mwalimu, kimekaa!"

Wasichana walicheka. Fundi Gauni hakucheka. Alikuwa ameinua macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama mama yake usoni. Uso ule aliujua ukiwa umechoka, ukiwa unasali, ukiwa unamuuliza maswali wakati yeye anafunga mfuko. Hakuwahi kuuona hivi. Alikumbuka yale maswali yote aliyoyaacha mezani.

Walipomaliza kulaza vigae, alikoroga grauti mpya. Alichukua kipande cha mpira, akasita, kisha akakiweka mkononi mwa Mama na kuufunika mkono ule kwa wake.

"Uliniuliza inakataa vipi."

"Nilikuuliza."

"Sukuma. Usiogope. Zaidi." Wakasukuma pamoja. "Hapo. Umesikia?"

"Inanirudisha."

"Ndiyo kukataa kwenyewe."

Mama aliendelea kusukuma, kiungo kwa kiungo, taratibu, midomo yake ikisogea.

 

Mkandarasi alifika mchana, simu sikioni, viatu vimejaa udongo wa kwenye majengo mengine. Alikuwa mtu wa haki lakini asiye na muda. Alizunguka akigonga vigae kwa ufunguo wa gari. Kwa Kidoti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Chini ya dirisha aliinama, akachora kwa ncha ya ufunguo kwenye kiungo, na ufunguo ukazama.

"Ya nani?"

"Yangu," alisema Fundi Gauni.

"Mbona mbichi?"

"Iliingia maji. Nimeirudia leo."

"Bwana," Mama alisema kutoka nyuma, "kosa ni langu mimi. Mtoto alikuwa…"

"Mama, kwenye jengo hakuna kosa la mama wala la mtoto. Kuna sakafu iliyo tayari na isiyo tayari." Alisimama akajipangusa mikono, akaitazama tena ile mistari iliyokwenda hadi ukutani. "Imenyooka, siwezi kusema uongo. Lakini mimi siisifu sakafu mbichi. Nikipata jengo lingine nitapita tena."

Alichagua watatu. Kidoti alikuwa mmoja wao, na hakujua aweke wapi furaha yake. Fundi Gauni alimkumbatia kwanza yeye, kabla ya wengine wote, kisha akatoka nje akasimama karibu na bomba kwa muda. Waliobaki ndani walisikia maji yakimwagika na kumwagika.

 

Jioni Kidoti aliwasindikiza hadi nyumbani akiwa amebeba mfuko wa rafiki yake, kwa kuwa hakupata maneno ya kubeba. Mlangoni walimkuta muuza mkaa amesimama, mikono kiunoni.

"Fundi Gauni! Nasikia mama yako amekufulia kazi mpaka imetakata!"

"Imetakata kweli," msichana alimjibu. "Karibu ule, jirani, uache kusimulia ukiwa na njaa."

Muuza mkaa hakutarajia kukaribishwa. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kwa adabu. Bibi alikwisha kuambiwa yote. Alikuwa amempapasa mjukuu wake usoni, kisha mwanawe, wala hakutania. Viazi viliwekwa mezani, moshi ukapanda. Wote waliinamisha vichwa.

"Ee Mungu," Mama alianza, "asante kwa chakula hiki. Mbariki Kidoti kwa kazi aliyoipata. Mkumbuke binti yangu. Nilichomharibia wewe unaweza kukitengeneza. Na mimi…"

Wote walingoja amina.

"Na wewe nini?" Bibi aliuliza gizani mwake.

"Mama, tunasali," Mama alimkatiza mama yake.

"Nami nasali. Miaka yote hii unafika hapo unasimama. Na mimi, na mimi, halafu amina. Mungu wa watu amekaa na sikio wazi mpaka limemchoka. Na wewe nini, mwanangu? Mwambie."

Muuza mkaa alifungua jicho moja. Kidoti alitazama mikono yake. Fundi Gauni, ambaye bado macho yake yalikuwa mekundu, alisema taratibu, "Mwalimu bado hajapata wa tano."

"Na Bibi jioni atabaki na nani?" Mama alisema haraka, kama mtu aliyelihifadhi jibu hilo tayari. "Nani atampikia?"

"Jioni Bibi ni wangu. Sina jengo la kwenda."

"Huyu viazi vyake havijawahi kuiva," Bibi alisema. "Lakini nitavila hivyo hivyo. Tumbo langu limeona mengi."

Muuza mkaa alianza kucheka, akauona uso wa Mama, akaacha.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kwenye mkunjo wa kidole gumba kulikuwa na grauti iliyokauka, nyeupe, ambayo alikuwa hajaiosha. Aliitazama. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya sala wala ya mazungumzo.

"Na mimi nataka kujifunza," alisema. "Nimetaka siku zote. Jumatatu jioni nikitoka kazini sitarudi hapa, nitakwenda kwa Mwalimu niandikwe. Wakinicheka nitakaa, nikikosea nitarudia, na siku mkandarasi yule atakapopita tena atatukuta wawili, mimi na binti yangu, na hatakuta kiungo kibichi. Mama yangu umesikia, jirani umesikia, watoto mmesikia, na wewe Mungu umesikia. Nitakwenda."